Fremu ya zamani ya shokapu mbili isiyo na stika: angalia viungo kwanza

Mkuu umesema umepata fremu ya baiskeli ya milimani, shokapu mbele na nyuma, imepakwa rangi upya, stika hamna, unataka kujua ni ya lini na kama inaendesheka. Mi hizi za miaka ya tisini nimezichezea sana na mbili nimeziua mwenyewe, kwaiyo nisikilize.

Namba ya fremu ipo chini ya pale pedeli zinapozungukia, ila kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, usitegemee ikupe mwaka. Tazama nyuma inavyocheza. Pedeli zikiwa zimeshikana na kipande cha nyuma na zinacheza nacho, hiyo ni ukoo wa baiskeli kama Trek Y na Klein Mantra, ukisimama kwenye pedeli nyuma inakakamaa, ukikaa inalegea. Kama pedeli ziko kwenye fremu ya mbele, fuata mapaipu mawili ya chini mpaka karibu na ekseli, ukikuta kiungo hapo mbele ya ekseli hiyo ni staili ya mbunifu Horst Leitner, utaikuta kwenye baiskeli za AMP na Specialized FSR. Kiungo kimoja tu karibu na pedeli? Cannondale Super V, Santa Cruz Heckler, kundi hilo.

Breki nazo zinasaidia, V-brake za Shimano (zile za mikono miwili inayobana rimu) zilikuja 1996, na masikio ya kufungia breki za diski ukiyakuta basi ni mwishoni mwa tisini au baadae. Ila kipande cha nyuma huwa watu wanabadilisha, kisikudanganye.

Sasa shokapu, hapa ndo niliumia. Nilipima yangu toka katikati ya tundu la bolti hadi la pili, 200 mm, nikanunua ya 200, ikakaa kama imezaliwa hapo. Kumbe ya zamani ilikuwa inabonyea 50 mm na hii mpya 57, afu ile nyuma ilikuwa inazidisha karibu mara tatu, kwaiyo zile 7 zikawa kama 20 kwenye gurudumu, shimo la kwanza la maana tairi likapiga paipu la siti na ufa ukaanza. Pima vyote viwili, urefu na inavyobonyea, na kabla hujaendesha toa upepo wote wa shokapu (ya springi itoe springi) ubonyeze mpaka mwisho uone tairi linafika wapi. Zile za mpira mpira kama ProFlex za mwanzo, mpira ukizeeka unakuwa mgumu au unanata, hapo ni kubadilisha tu.

Viungo: shika gurudumu la nyuma litikise kushoto kulia huku kidole kikiwa kwenye kiungo. Kikicheza usikimbilie kukaza bolti, bushi (kile kibomba kinachozungukia bolti) iliyolika haiponi kwa kukazwa, utaua na uzi wa bolti. Kama ni beringi namba imeandikwa ubavuni, mfano 6900, duka la beringi lolote wanakuelewa. Na maji ya presha weka mbali kabisa.

Nyufa sasa. Aluminiamu haikuagi. Safisha kwa spiriti, angalia palipochomelewa chini ya shingo, masikio ya shokapu, na juu ya paipu la siti. Ukiona mstari kwangua rangi, ukiendelea kwenye chuma chenyewe fremu imekwisha, usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea maana 6061 (aina ya aluminiamu ya fremu nyingi) ikishachomwa bila kupikwa tena kwenye tanuru pembeni ya weldi inabaki laini.

Tupia picha ya upande wa mnyororo, na moja ya karibu pale kwenye ekseli ya nyuma.