Spika ya kubebeka kwa mpiga kinanda

Ndugu, umeuliza kama amplifaya ya gitaa ya rafiki yako itakufaa kwa kinanda kwenye shughuli za watu hamsini hivi, au ununue spika yako. Nunua spika, tena yenye amplifaya ndani yake.

Spika ya gitaa hufifia sana ikipita takriban hezi 5,000 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; nyingi ni sauti nyembamba, chache ni nzito), ndiyo maana piano humo husikika kama imefunikwa blanketi. Kinanda cha vitufe 88 huanzia hezi 27.5, na mng'ao wake uko juu kabisa. Kinataka spika inayotoa sauti zote bila kuzibadilisha.

Kwa watu hamsini, spika yenye koni (ile sehemu ya mviringo inayotetema) ya inchi 10 inatosha. Ukipiga besi kwa mkono wa kushoto, chukua ya inchi 12. Wati zisikutishe: kuziongeza maradufu hukupa desibeli 3 tu, yaani sauti inaongezeka kidogo. Mimi ningeangalia uzito kwanza, maana spika ya kilo 25 utaichukia ngazi ya pili tu.

Nenda dukani na kinanda chako mwenyewe. Piga nota za chini kwa nguvu, usikilize kama boksi linanguruma. Ukitumia spika moja, chomeka waya kwenye tundu la kushoto lililoandikwa "L/Mono" (linalounganisha sauti za kushoto na kulia), tundu la kulia liache wazi. Ukichomeka tundu la kulia pekee unapoteza nusu ya piano, na wengi huishia kuilaumu spika bure.