Sukari 13.2 na mafuta juu: hicho kidonge cha pili usikiache

Mkuu, umesema una miaka 46, sukari ya asubuhi kabla ya kula imesoma 13.2, mafuta kwenye damu nayo yako juu, na umepewa metformin ya sukari na atorvastatin ya mafuta. Unauliza kama unaweza kumeza ya sukari peke yake, ya mafuta ukapambana nayo kwa chakula. Halafu ule nini. Halafu kama nyama choma ya Jumamosi ndiyo basi tena.

Mimi si daktari, ni dereva wa semi, Dar kwenda Tunduma, na kisukari ninacho tangu 2019. Naanza na swali lako la kwanza kwa sababu hapo ndipo mimi nilipochemka.

Ugonjwa wangu uligunduliwa na sisimizi. Tulilala Ruaha Mbuyuni, asubuhi utingo akaniambia, "Bosi, pale ulipokojoa usiku sisimizi wameitisha mkutano." Tukacheka, tukawasha gari. Wakati huo nilikuwa nasimama kila nusu saa kuchimba dawa, koo limekauka, na kiu yenyewe naituliza kwa soda. Nilivyorudi Dar nikapima: 17.8. Kile kipimo kinachoonyesha hali ya miezi kama mitatu nyuma, HbA1c, kikasoma asilimia 10.9, wakati ikifika 6.5 tu tayari inahesabika kisukari. LDL, yale mafuta mabaya, 4.6.

Nikapewa vidonge kama vyako. Cha sukari nilikishika vizuri maana sukari ilishanitesa. Cha mafuta nilimeza miezi miwili, jamaa mmoja kijiweni akasema kinaua ini, nikaacha. Sikusikia tofauti yoyote. Na hapo ndipo watu wengi tunaponaswa: sukari ikipanda utakojoa, utachoka, macho yataona ukungu, lakini mafuta hayakwambii kitu. Mshipa unajaa taratibu na wewe uko barabarani unapiga mluzi.

Baada ya nusu mwaka nikaenda kliniki kifua mbele, HbA1c imeshuka hadi 7.1. Daktari akageuza karatasi, LDL 4.4.

"Mzee, hii ya mafuta unameza?"

"Nameza."

Akaniangalia tu, hakusema neno. Nikasema, basi dokta, niliacha.

Hakunigombeza. Akanieleza kwamba kolesteroli sehemu kubwa inatengenezwa na ini lenyewe, haitoki yote kwenye sahani. Kwa hiyo unaweza kula mchicha mwaka mzima na ini likaendelea na kiwanda chake. Tena sukari ikiwa juu kwa muda mrefu inaumiza kuta za mishipa, na mafuta yanapata pa kushika. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyevuka miaka 40 mara nyingi hupewa dawa hiyo hata kama mafuta yake hayajapanda sana: inalindwa mioyo na ubongo, si namba ya kwenye karatasi. Ini langu likapimwa, halikuwa na shida. Akanionya kitu kimoja, misuli ikiuma bila sababu au mkojo ukawa mweusi kama koka, nirudi haraka, nisijiamulie mwenyewe. Nimemeza tangu siku hiyo. Kipimo cha mwisho LDL ilikuwa 1.9.

Kuna dereva mwenzetu ambaye sukari yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, tulikuwa tunashindana namba kwa simu. Kiharusi kilimpata akiwa na miaka 51. Sisemi ni mafuta peke yake, presha pia alikuwa hapimi. Lakini mashindano ya namba moja nimeyaacha.

Sasa metformin. Inaweza kukuvuruga tumbo mwanzoni. Wiki mbili za kwanza nilikijua kila kichaka kati ya Mikumi na Iyovi. Meza katikati ya chakula au mara tu ukimaliza, usimeze tumbo tupu, na ukiona haikomi mwambie daktari, ipo ya kuyeyuka polepole ambayo wengi inawakubali.

Kuhusu chakula, usiniulize mimi, iulize mashine ya kupimia. Najua vijiti vyake ni ghali, mashine yenyewe si tatizo, vijiti ndivyo vinamaliza hela. Ndiyo maana sipimi hovyo. Nachagua mlo mmoja, napima kabla sijala, halafu saa mbili tangu nianze kula. Siku nyingine mlo mwingine. Kwa mwezi nilikuwa nimeshawajua maadui zangu. Chapati mbili na chai ya sukari: 14.6. Ugali wa dona saizi ya ngumi, maharage, mboga za majani nyingi na samaki: 8.9. Mimi nimeambiwa nisivuke 10 kwa saa hizo mbili, na asubuhi nikae kati ya 4.4 na 7.2, wewe muulize daktari wako zako. Kilichonishangaza ni uji wa lishe, nilikuwa nauona chakula cha afya, kumbe kwangu unapandisha karibu sawa na soda. Juisi ya embe ya kusaga pale pale, bila sukari, nayo hivyo hivyo. Embe lenyewe nusu, nikitafuna, halina shida sana.

Mambo mawili yamenisaidia kuliko kukataza vyakula. Naanza na mboga na maharage, ugali unakuja mwisho. Na nikimaliza kula sipandi kwenye gari. Nachukua nyundo nazunguka kugonga matairi yote, kichwa mpaka tela, mizunguko miwili mitatu, kama dakika kumi na tano. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya utingo. Sasa anakaa kivulini ananihesabia.

Mlonge, maji ya bamia, mdalasini na yule wa kwenye basi anayeuza chupa ya "kumaliza kisukari ndani ya siku 21", vyote nimepitia. Mlonge nala mpaka leo, ni mboga nzuri. Chupa niliimwaga.

Kitu kingine hujauliza ila nakwambia, hasa wakikuongezea glibenclamide, kidonge kingine cha sukari, huko mbele kama mimi. Ile inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Siku moja niliimeza alfajiri nikitegemea kula baada ya mizani, foleni ikanishika mpaka saa nne. Jasho likaanza kunitoka na kulikuwa na baridi, mikono inatetemeka, nikawa nasoma namba ya gari la mbele siielewi. Kupima, 3.1. Nilikunywa nusu chupa ya soda, soda yenye sukari, si ile ya dayati, nikasubiri dakika 15, nikapima tena, ndipo nikala. Gari niliendesha baadaye kabisa kichwa kilipotulia. Chini ya 4 usishike usukani, hata wa bodaboda. Tangu hapo chakula kikiwa hakijaonekana machoni, kidonge hicho hakitoki mfukoni.

Nyama choma. Kula, mkuu, ila si kama zamani. Mimi nachukua nyama isiyo na mafuta, au kuku bila ngozi, robo badala ya nusu, na kachumbari sahani nzima. Ndizi za kuchoma moja. Chipsi nimeachana nazo, yale mafuta yanayokaangia siku tatu mfululizo siyataki. Nyumbani mama watoto alikuwa anapikia mawese kwa kila kitu, tumehamia alizeti, na hata hiyo anapima kwa kijiko. Bia moja siku moja moja, nikiwa nimekula na sisafiri kesho yake, kwa sababu pombe kwenye tumbo tupu ukiwa na hizo dawa inaweza kukuangusha usiku. Sigara niliacha kabisa.

Ukirudi kliniki omba wakuangalie macho, mkojo na damu kwa ajili ya figo, na nyayo. Halafu rudi hapa utuwekee LDL yako, umeandika "juu" tu, na juu ya 3 si sawa na juu ya 5.