Maswali ya Wasomaji: Hoteli imejaa, fedha ziko wapi?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma shahada ya usimamizi wa hoteli na utalii, mwaka wa pili. Kwenye jaribio tulipewa hoteli ya vyumba 80. Siku ya kwanza iliuza vyumba 60 ikapata shilingi 7,200,000. Siku ya pili ilishusha bei, ikauza 72, ikapata 6,840,000. Nilijibu kwamba siku ya pili ni bora, nikakosa. Kwa nini?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Umehesabu wageni, hukuhesabu fedha.

Vipimo ni vitatu, na wengi huteleza kwenye kigawanyo. Kiwango cha kujaa ni vyumba vilivyouzwa kwa vyumba vyote: asilimia 75 siku ya kwanza, 90 siku ya pili. Wastani wa bei ni mapato kugawanya kwa vyumba vilivyouzwa: 120,000, kisha 95,000. Mapato kwa kila chumba kilichopo hugawanywa kwa vyumba vyote 80, hata vile vilivyolala vitupu: 90,000, kisha 85,500. Hiki cha tatu ndicho cha kutazama kwanza, maana kinawabeba wenzake wawili.

Halafu kuna gharama. Vyumba 12 vya ziada vina mashuka ya kufua, sabuni, maji ya moto. Tuseme kukiandaa kimoja ni shilingi 15,000: hapo 180,000 zimeondoka, juu ya zile 360,000 zilizopungua kwenye mapato.

Angalia pia kodi. Swali likisema bei ya 118,000 ina VAT ya asilimia 18 ndani yake, gawanya kwa 1.18 upate 100,000. Ukitoa asilimia 18 ya 118,000 utapata 96,760, na hesabu yote inayofuata itapinda. Kifungua kinywa kikiwa ndani ya bei, nacho kitolewe kabla ya kutafuta mapato ya vyumba.

Hatusemi kushusha bei ni kosa siku zote. Masika, wageni wakiwa haba, mgeni wa bei nafuu anayekula chakula cha jioni hapohapo hotelini anaweza kufidia. Ila hilo lithibitishe kwa hesabu, si kwa maegesho yaliyojaa magari.

SWALI: Naenda fildi wiki nane, hoteli ya ufukweni Zanzibar. Nilitaka mapokezi, nimepangiwa hauskipingi, yaani usafi wa vyumba. Niombe kubadilishwa?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Usiombe mapema. Mhudumu wa mapokezi asiyejua chumba kinaandaliwaje humuahidi mgeni dakika kumi, kumbe kazi ni nusu saa.

Jifunze mpangilio. Bisha hodi, taja idara, subiri, bisha tena. Fungua madirisha, toa taka na mashuka machafu. Nyunyiza dawa bafuni kabla ya kutandika, ili ifanye kazi yake wewe ukiwa kitandani. Kitanda maliza upande mmoja kabisa ndipo uzunguke. Anayezunguka kwa kila shuka hujichosha bure. Vumbi hufutwa toka juu kwenda chini, na sakafu huwa ya mwisho, ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wanafunzi wapya wa fildi huanza na sakafu, kisha mchanga wa pwani ulioganda kwenye shuka unamwagika juu yake. Kosa baya zaidi ni kitambaa cha chooni kufutia glasi.

Daftari la fildi lijaze kila jioni. “Nilisafisha vyumba” haimwambii msimamizi kitu. Andika: “Vyumba 8, wastani wa dakika 35, viwili vilirudishwa kwa nywele kwenye beseni.”

SWALI: Kidato cha sita nimepata D ya Historia, D ya Kiswahili, E ya Kiingereza. Shahada ya utalii inawezekana?
— Msomaji, Dodoma

JIBU: D ni pointi 2, kwa hiyo masomo yako mawili bora yanafikisha 4, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Lakini chuo kinaweza kuweka masharti yake juu ya hayo, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili kozi kwa kozi kabla ya kulipia maombi. Ukikosa, ingia stashahada. Hiyo E ya Kiingereza usiiache hivyo, barua za wageni utazijibu wewe.