Konea imekuwa nyembamba, si wabandike kiraka tu?

SWALI: Habari dokta, niko Uyole hapa Mbeya. Kijana wangu ana miaka 19, wamempima wakasema kioo cha mbele cha jicho la kulia, yaani konea, kimekuwa chembamba na kinachomoza kama koni, miwani kabadilisha weee haisaidii. Wamegusia kumpandikizia konea ya mtu. Ndo jicho zima linatolewa? Na si wabandike kiraka tu pale palipopungua?

JIBU: Poleni mama. Jicho halitolewi, linabadilishwa kale kaduara ka mbele tu, kama milimita 8 hivi, kutoka kwa mtu aliyefariki.

Kiraka kipo kweli, ila tunakiweka zaidi konea ikitoboka au ikiliwa pembeni. Huyu wako kapungua katikati, ndo dirisha lenyewe la kuonea, ukibandika kiraka pale kingo zake zinapinda mwanga na kijana ataona ovyo vilevile. Kwa hiyo inakatwa duara pana, na kama tabaka la ndani kabisa ni zima tunamwachia la kwake, maana chembe za pale ndo zinazoitoa maji konea ibaki angavu, na ndo hizo mwili ukizikataa za mgeni konea inaharibika. Kovu likishafika ndani sana hapo inabadilishwa unene wote. Nyuzi ni nyembamba kuliko unywele na zinaweza kukaa mwaka au zaidi, na hata baada ya hapo wengi bado wanavaa miwani au lenzi, msije mkashangaa.

Ila mi nisingekimbilia kisu. Uliza kwanza unene umefika ngapi, konea ya kawaida katikati ni kama mikroni 540 (mikroni 1000 ni milimita moja), na je inaendelea kupungua? Kama inaendelea na bado ina 400 kwenda juu, kuna matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV vinavyoikaza isiendelee, halafu anajaribiwa lenzi ngumu. Na anafikicha macho? Vijana wenye aleji vumbi la kiangazi likianza wanafikicha mpaka kwa ngumi, aache kabisa, atibiwe hiyo aleji. Jicho la kushoto nalo lipimwe, huu ugonjwa hushika yote mawili.

Akipandikizwa, matone ya steroidi, yale ya kuzuia mwili usiikatae konea ya mgeni, asiyakatishe mwenyewe. Jicho likiwa jekundu, mwanga ukauma au ukungu ukaingia, msingoje tarehe ya kliniki, nendeni hospitali ya Rufaa siku hiyohiyo, hata kama ni miaka imepita.