Maswali ya wasomaji: vidole vya asubuhi, kidonge cha Jumatatu na simu ya mkononi

Mbukwenyi wasomaji. Upepo wa Julai ukianza kuvuma hapa Dodoma, barua za viungo huwa nyingi. Nimechukua sita na kuzifupisha. Majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, nina miaka 41, naishi Nkuhungu. Tangu Februari vidole vya mikono yote miwili vinakakamaa asubuhi, hapa kwenye vifundo vinavimba. Naamka saa kumi, lakini mwiko siwezi kuushika sawasawa mpaka saa kumi na mbili. Majirani wanasema nimezoea kupiga pasi halafu nashika maji ya baridi. Nivae glavu?

JIBU: Marahaba mama. Glavu vaa kama zinakupa nafuu, ila ugonjwa haukuletwa na maji wala pasi. Jina lenyewe, baridi yabisi, limetuponza. Linamfanya mtu angoje joto lirudi, na kila mwezi anaongoja kiungo kinazidi kuliwa. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando unavimba, na usipotulizwa unaanza kula gegedu, yaani utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe. Mfupa ukishalika haurudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na karibu 70 kati ya kila 100 ni wanawake.

Mambo matatu katika barua yako yananifanya nisikuambie usubiri: umekaa nayo miezi, iko mikono yote miwili kwenye viungo vidogo, na ukakamavu wa asubuhi unachukua saa mbili. Magoti yaliyosagika kwa umri nayo hukakamaa, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Nenda hospitali wiki hii. Ukifika, mwombe anayekuhudumia akushike mkono kama anayekusalimia, kisha avibane vifundo kwa upole kutoka pembeni. Ukiruka kwa maumivu, amepata jambo la kuandika. Na kama pete yako ya ndoa haivuki tena kifundo, mwambie. Nimeona wagonjwa wakiificha habari hiyo kwa aibu, kumbe ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote.

Wakikupima damu na kipimo cha baridi yabisi kikatoka hasi, usirudi nyumbani ukishangilia. Wapo wagonjwa wengi ambao kwao huwa hasi, na wapo wazima, au wenye maambukizi mengine, ambao kwao huwa chanya. Kipimo kinasaidia, lakini mkono ndio unaotangulia.

SWALI: Dokta, mimi ni mwanafunzi hapa UDOM. Nimejaza dalili zangu kwenye programu ya simu, imeniambia huenda nina lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe. Sijalala siku tatu.

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Lala kwanza. Programu za aina hiyo zimepimwa kwa wagonjwa halisi. Katika utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa 2021, programu mbili zilijaribiwa kwa watu waliofika kliniki za viungo kwa mara ya kwanza, na zilitambua takriban nusu tu ya waliokuwa na ugonjwa wa uvimbe wa viungo. Wengine ambao hawakuwa nao ziliwatia hofu bure. Simu haijauona uso wako wala haijapima mkojo wako, na lupasi huweza kuharibu figo bila kukuuma popote. Kwa hiyo usiipuuze, ila usiipe hukumu. Andika kwenye karatasi lini ulianza kuchoka, vipele viko wapi na vinazidi ukikaa juani au la, nywele zinakatika au la, halafu uipeleke zahanati ya chuo. Karatasi hiyo ina thamani kuliko jina lililotolewa na programu.

SWALI: Daktari, mama yangu yuko kijijini Kongwa. Ameanzishiwa methotreksati kwa ajili ya viungo. Kuja mjini kila mwezi ni nauli na siku nzima. Haiwezekani afuatiliwe kwa simu? Ana kitochi tu.

JIBU: Inawezekana kwa sehemu, nami natamani tulifanye sana kuliko tunavyofanya sasa. Lakini kabla ya simu, tuzungumze kidonge. Methotreksati kwa ugonjwa wa viungo hunywewa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Niliwahi kumpokea bibi mmoja mdomo wote una vidonda, hawezi hata kumeza uji. Nikamwomba kile kibahasha cha dawa. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya bluu “1×1”, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, kama ilivyozoeleka kwa dawa nyingine, naye akatii kwa siku tisa. Tulimlaza, akapona, lakini dawa hiyo ikizidi inaweza kuua, kwa sababu inazuia uboho, ile sehemu laini ndani ya mfupa, usitengeneze damu.

Basi fanya hivi. Chukua kalamu nene, andika JUMATATU juu ya boksi, au siku nyingine mtakayochagua, ila kila wiki iwe hiyo hiyo. Weka ukumbusho kwenye hicho kitochi. Kengele haihitaji intaneti. Vidonge vya foliki asidi anywe kama alivyoelekezwa, kwani ndivyo vinavyopunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Pombe aache. Na kama nyumbani yuko binti anayeweza kushika mimba, asionje dawa ya mama, kwani huharibu mimba.

Kuhusu simu: yako maswali ambayo muuguzi anaweza kuuliza kwa kupiga tu. Wiki hii umevaa na kufunga vifungo mwenyewe? Maumivu ni kiasi gani kutoka 0 mpaka 10? Kwa ujumla unajionaje? Majibu ya miezi mitatu yakipangwa mstari mmoja yanaonyesha kama anapanda au anashuka. Damu, yaani picha kamili, ini na figo, ipimwe hospitali ya wilaya, na majibu yasomwe kwa daktari kwa simu. Ila homa, kikohozi kikavu au kuishiwa pumzi havisubiri simu. Aache kunywa kidonge kinachofuata, aje.

SWALI: Ni mfugaji wa Bahi. Mgongo na nyonga vinaniuma, jioni napata homa na jasho. Malaria imepimwa mara tatu, hakuna.

JIBU: Maziwa unakunywa mabichi? Ng'ombe wako wametupa mimba mwaka huu? Mwambie daktari mambo hayo mawili na uombe kupimwa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Inatibika, ila kwa dawa za wiki kadhaa bila kukatisha. Maziwa yachemke.

SWALI: Daktari, niko mwaka wa nne wa udaktari. Viungo tulifundishwa siku chache, na wodini kila mtu anasikiliza moyo na mapafu, magoti yamefunikwa shuka. Nijifunzeje?

JIBU: Umenigusa. Nami nilifundishwa hivyo, na wagonjwa wangu wa kwanza walilipia ujinga huo. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache, hivyo baridi yabisi ya Mpwapwa au Manyoni itagunduliwa na wewe au haitagunduliwa. Mwaka 1992 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi mfupi uitwao GALS: mwendo, mikono, miguu na uti wa mgongo. Unaanza na maswali matatu. Una maumivu au ukakamavu kwenye misuli, viungo au mgongo? Unaweza kuvaa nguo zote bila shida? Unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida? Kwa bibi wa kijiji kisicho na ngazi, muulize kama anachuchumaa na kuinuka chooni.

Kisha mtazame akitembea, akikunja ngumi, akigusa kidole gumba kwa kila kidole. Ni dakika chache tu. Video za bure ziko nyingi mtandaoni, zitazame usiku, lakini asubuhi funua lile shuka.

SWALI: Wamekuja vijana na vishikwambi, wanauliza kuhusu magoti yetu. Wanasema ni utafiti. Tuwajibu?

JIBU: Utafiti tunauhitaji, maana bila hesabu hakuna atakayepanga dawa hizi zifike wilayani. Waombe kwanza kibali cha maadili ya utafiti na barua ya kuwatambulisha kwa mtendaji wa kijiji. Wakusomee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, nawe una haki ya kukataa hata katikati, na tiba yako isiguswe. Uliza jina lako linahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda. Na uliza watarudi lini kijijini kuwaeleza walichokiona. Wakikupa mwezi, uandike ukutani karibu na kalenda, mbele yao.