Neema, kuhusu kujifungua huko

Neema mwanangu, marahaba. Mesej yako niliisoma juzi usiku umeme umekatika, asubuhi nikairudia, nikaona nikuandikie maana kwenye voice note nitalia. Umeuliza: mama, nijifungulie huku Leipzig au nirudi Moshi, na kibali cha mtoto itakuwaje.

Ya vibali nimeyaelewa ulivyoeleza. Kuzaliwa Ujerumani tu hakumfanyi mtoto Mjerumani, wanataka mzazi mmoja awe amekaa kihalali miaka 5 na ana ukaazi wa kudumu, nyie wote ni wanafunzi tu. Basi atakuwa Mtanzania kama nyie, pasi mtamwombea ubalozini Berlin, na kwa kuwa wewe na mwenzio Elia wote mna vibali naye anapewa chake huko huko. Bima yako ya mwanafunzi inalipia uzazi. Sawa. Mi kinachoninyima usingizi ni nani atakupikia mtori wa ndizi. Elia yupo Hamburg, anakuja wikiendi, sasa Jumatatu mpaka Ijumaa? Mwanamke aliyejifungua halali usiku peke yake, Neema, hilo nimewaambia toka mkiwa wadogo.

Halafu pale chini ukaandika kama kitu kidogo tu, kwamba tangu 2018 sheria yao ya kulinda wajawazito inamhusu hata mwanafunzi, wiki 6 kabla na wiki 8 baada, hakuna wa kukulazimisha ufanye mtihani, na ukitaka unaomba semista ya likizo na nafasi yako chuoni inabaki. Hapo niliweka simu chini.

Maana hii habari unaijua nusu. 1997, Form Four, mtihani wa taifa umebaki wiki 6, hizo hizo 6. Wakatupanga mstari, nesi akapita anatubonyeza matumbo, aliponifikia mimi hakusema kitu, alimwangalia tu mwalimu wa zamu. Nikaambiwa nikachukue tranka, si kesho, saa ile ile. Lile tranka la bluu mlilokuwa mnakalia mkisoma, komeo lilikuwa limeng'oka nikalifunga na kamba ya katani, nikajitwisha mpaka lami, nasikia wenzangu darasani wanakariri kwa sauti, na mimi lile somo nilikuwa nalijua lote. Mpaka leo nikilikumbuka naona joto usoni. Wewe ulikuwa tumboni miezi minne.

Bibi yako hakunigombeza. Aliangalia tranka, akaniangalia mimi, akaenda kukata mkungu wa ndizi mshare. Ulipozaliwa nilikaa ndani miezi mitatu kule Machame, naamka nakuta mtori wa moto, nyama ya mfupa imeiva mpaka inaachia yenyewe, yeye amekaa kwenye kigoda anazungusha kipekecho cha kupondea mtori huku anakuimbia. Sijawahi kupendwa vile tena. Lakini ndani ya hiyo miezi mitatu hakuna mtu aliyetamka neno shule, wala mimi, ikawa mwaka, mwaka ukawa genge la nyanya Mbuyuni. Ile Novemba 2021 serikali iliposema mabinti waliojifungua warudi shule, nilisikia kwenye redio ya jirani pale gengeni, nikampa mteja chenji kubwa kuliko hela aliyonipa.

Kwa hiyo nakwambia ubaki? Sijasema. Rudi basi, chumba chako kipo, na saa nane za usiku uchungu ukikukamata utahangaika na Kijerumani cha nini. Ila ukirudi urudi mapema, mashirika mengi ya ndege kuanzia wiki 28 yanataka barua ya daktari na ikishapita 36 hawakupakii. Na umesema mwenyewe ukikaa nje zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya ofisi ya wageni kibali kinakufa. Na mtoto akizaliwa huku yeye ndo aombewe viza ya kukufuata, ubalozini Dar, waone hela ya kumtunza, waone nyumba inatosha, wewe unasubiri na masomo nayo yanasubiri. Watu watakwambia miezi 6 ni mingi. Mi najua inavyoyeyuka ukiwa kwenu na mtoto mgongoni, kila mtu anakupenda na hakuna anayekuuliza kuhusu kitabu.

Lakini mzazi halali peke yake. Hapo nikifika nakwama, naanza upya.

Nilienda uhamiaji kuulizia pasi yangu mimi, ni shilingi 150,000. Viza ya matembezi ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na wanakuruhusu kukaa siku 90. Nilihesabu mara mbili kwa vidole, siku 90 ndo ile miezi mitatu ya bibi yako. Hao wamisionari wa Leipzig walikuja Machame 1893 kutuletea Kilutheri, bibi alikuwa analitaja hilo jina kama anataja Marangu, na mimi nitaenda kwao na kipekecho. Hela ya vikoba tunagawana Desemba.

Sijakuamulia, wewe na Elia ndo mnajua, nisije nikaambiwa baadaye mama alisema. Ila ndizi nasikia wanaruhusu kuingia nazo, nyama ndo hawataki kabisa, sasa Elia aulizie huko nyama ya mifupa inauzwa wapi.

Mama yako.