Magic nyumbani: usimwachie mtoto ashinde, rekebisha deki

Ndugu yangu wa Nakuru, swali lako nimelisoma mara mbili. Dada yako amekutumia kutoka Uingereza deki mbili, yaani mafungu mawili ya kadi, za Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambapo viumbe wenu wanapigana hadi mmoja aishiwe uhai, ukaiongezea yako kadi kutoka pakiti nne ulizonunua, ukamfundisha kijana wako wa miaka 11, ukamshinda mara sita mfululizo. Jumapili akazitupa kadi sakafuni na kusema hachezi tena. Sasa unauliza kama uanze kumwachia ashinde, na unasema mkeo naye anaona sheria ni nyingi.

Usimwachie. Mimi nimepitia hapo hapo, huku Kisumu, na nilianza kwa kosa hilo hilo unalotaka kulifanya.

Binti yangu alikuwa na miaka 10. Nilipoona amechoka kushindwa, siku moja nikaacha kuzuia kiumbe wake, akanimaliza. Alikaa kimya akiangalia meza, kisha akaniuliza, "Baba, huyu wako alikuwa amesimama. Mbona hukumweka mbele?" Sikuwa na jibu. Alizikusanya kadi zake polepole akaenda chumbani. Nakuambia kweli, alihuzunika kuliko siku zote nilizomshinda kihalali. Mtoto anayeijua michezo anakusoma usoni.

Shida haikuwa mimi kucheza vizuri. Shida ilikuwa deki. Anayenunua kadi ndiye anayesoma kila moja, ndiye anayepanga, na wengine wote wanacheza na mabaki. Hata pale nilipotaka kufanya wema nilikosea. Kaka yake nilimtengenezea deki ya kadi 40 iliyojaa majoka, kwa sababu anapenda majoka, na ardhi, zile kadi zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine, nikamwekea 10 tu. Joka kama Shivan Dragon linagharimu mana 6, na ardhi unaweka moja tu kwa zamu. Piga hesabu: ardhi 10 kati ya 40, kwenye kadi 7 za kwanza anapata moja au mbili. Kijana alikuwa anakaa na majoka mazuri mkononi, zamu baada ya zamu, hawezi kulipia hata moja, huku mimi nampunguzia uhai kutoka 20 tunazoanza nazo. Na mimi nilidhani hana subira!

Sasa kila deki ya 40 hapa kwetu ina ardhi 17. Kwa hesabu hiyo, kadi 7 za mwanzo zinaleta ardhi tatu hivi, na mchezo unatembea. Ukitengeneza ya 60, weka 24 au karibu na hapo. Na mkono ukiwa mbovu, mruhusu aurudishe kama sheria inavyosema tangu 2019: anachukua kadi 7 mpya, halafu anachagua moja ya kurudisha chini ya deki. Richard Garfield, aliyeubuni mchezo huu uliotoka 1993, ni mtu wa hisabati, na inaonekana. Ukipuuza hesabu ya ardhi, hakuna kadi itakayokuokoa.

Kisha tukaweka sheria ya nyumba: mshindi anampa aliyeshindwa deki yake kwa mchezo unaofuata. Basi. Hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Deki kali haikai kwangu, inahamia kwa anayeihitaji, na mimi nabaki na dhaifu nikiicheza kwa nguvu zangu zote bila kumhurumia mtu. Ndani ya Jumamosi tatu kila mmoja alikuwa amezishika deki zote. Watoto wenyewe wakaanza kusema hii ina ardhi chache, ile haina kadi za kuzuia, tuiongezee. Walikuwa wanajua kesho itawaangukia wao.

Kuhusu mkeo kusema sheria ni nyingi, anza na kadi anayoijua. Nani Kenya hajacheza kadi, zile karata za kawaida? Ukiwekewa 2 unaokota mbili, ukiwekewa 3 unaokota tatu, lakini ukiwa na A unazuia. Magic ina hali hiyo hiyo ya kujibu, ila hapa majibu yanapangana kama sufuria kabatini. Iliyowekwa mwisho ndiyo ya juu, na ya juu ndiyo inayofanya kazi kwanza. Mke wangu alielewa hapo hapo.

Acha nikuonyeshe binti yangu alivyoelewa. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili jioni, tunacheza na taa ya sola. Yeye ana deki ya kijani, mimi nyekundu. Uhai wangu umebaki 6, punje sita za mahindi kando ya kikombe. Viumbe wangu wote wamelala kwa sababu nilishambulia; kadi ukiitumia unailaza, na kiumbe aliyelala hawezi kuzuia. Yeye ana kiumbe mmoja wa tatu kwa tatu, yaani anapiga tatu na anakufa akichomwa tatu, na mimi nina ardhi moja ya Mlima iliyosimama na Lightning Bolt mkononi, ile kadi ya radi inayochoma 3. Akamlaza kiumbe wake kushambulia, akasema, "Niko kadi," maneno ya aliyekaribia kumaliza kwenye kadi za kawaida. Nikadhani anatania. Mbele yake kulikuwa na ardhi moja ya Msitu haijalazwa. Niliuona. Nikaweka radi yangu juu ya kiumbe wake.

Akaulaza ule Msitu, akaweka Giant Growth, kadi inayomkuza kiumbe kwa tatu, juu ya radi yangu. "Yangu imekuja mwisho, Baba. Inaanza." Kiumbe akawa wa sita kwa sita, radi ikamchoma tatu, hakufa, akanipiga sita. Binti akanyoosha mkono akazifagia zile punje zote sita upande wake. Zamu yangu iliyotangulia ardhi zake zote zilikuwa zimelala, na hapo ndipo ningepaswa kupiga radi. Yeye alijua, mimi nikajua baadaye. Ushindi huo aliutafuta mwenyewe, na wiki nzima alimsimulia kila aliyeingia mlangoni.

Mama yangu anakaa nasi, na Kiingereza cha kwenye kadi hakimfai. Kwa miezi alikuwa anatazama tu. Kumbe kuna namna ya kucheza wawili kwa wawili ambapo timu ina uhai mmoja wa 30 na zamu mnachukua pamoja. Tukampa mjukuu. Kijana anasoma, dani, yaani bibi yake, anaamua. Yeye ndiye aliyezibatiza ardhi, na majina yakakaa: Msitu ni Kakamega, Mlima ni Elgon, Kisiwa ni Mfangano, Tambarare ni Kano, na Kinamasi ni Dunga. Ukimsikia akisema, "Laza Kakamega mbili," ujue kuna mtu anaumia. Kadi zenye picha za mapepo hazitaki mezani, kwa hiyo tulizitoa kwenye deki nyeusi tukaweka nyingine. Sikubishana naye. Kadi ziko maelfu, mama ni mmoja.

Pesa usizimalize kwenye pakiti. Pakiti imefungwa, huoni unachonunua. Kwa mchezo wa nyumbani tunaandika kadi kwa kalamu kwenye karatasi na kuichomeka ndani ya plastiki mbele ya kadi tusiyoitumia. Kwenye mashindano rasmi haikubaliki, kwetu mezani inatosha kabisa. Plastiki zenyewe nunua mapema, kabla mikono ya ugali na samaki haijafika. Shemeji yangu anasisitiza Commander, ile namna ya kucheza yenye deki ya kadi 100 na uhai 40. Ni tamu, lakini mchezo mmoja unaweza kula jioni nzima, na anayetolewa mapema anabaki kutazama. Kwa kijana aliyekasirika bado.

Sasa kuhusu Jumapili yako. Hesabu kwanza ardhi za deki yake. Kisha zitoe kwenye deki yako kadi zote za zile pakiti nne. Ndizo zilizokuwa zinamshinda. Zimwage mezani zikiwa wazi, mkae wawili, mchague moja moja kwa zamu hadi ziishe, halafu kila mtu aziingize kwenye deki yake apendavyo. Yeye aanze kuchagua. Akikuuliza kadi fulani inafanya nini, mwambie ukweli wote, hata kama ndiyo ile uliyokuwa unaitaka.